Nuru Inasimama Wapi? Leza Inavyochomelea na Kuandika Plastiki

Siku ya mnada pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nilijikuta nimesimama sikioni pa fahali mmoja mwekundu kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu asiyenunua. Mwenye mali, mzee wa Kigogo aliyejitanda shuka na fimbo mkononi, aliitikia shikamoo yangu kisha akanitazama kwa mashaka. Nilichokuwa nakikodolea macho ni hereni ya njano ya plastiki. Jua lilikuwa limeipausha, miiba ya migunga imeichora mistari, tope limekaukia pembeni. Namba zake, hata hivyo, zilikuwa nyeusi kana kwamba zimeandikwa jana. Nikaomba ruhusa, nikazikwangua kwa ukucha, wapi! Nikajaribu ncha ya ufunguo. Mkwaruzo ukatokea, namba ikabaki. "Utamchosha ng'ombe bure, mwanangu," mzee akaniambia. "Hiyo haikuandikwa kwa kalamu."

Alisema kweli. Namba za hereni kama ile huandikwa kwa leza, na katika kazi yote hiyo hakuna hata tone la wino. Weusi unaouona ni plastiki yenyewe iliyobadilika pale mwale ulipoigusa. Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu mwaka 2010, na utambuzi wa namna hiyo hauna maana kama namba itafutika msimu wa kwanza wa vumbi. Wino hukaa juu ya plastiki kama mgeni aliyeishia barazani. Alama ya leza imeshaingia ndani.

Ila nilipoondoka mnadani, kilichonikaa kichwani kilikuwa kingine. Mashine za ukoo huohuo hutumika pia kuunganisha vipande viwili vya plastiki kwa ndani, na ngozi ya nje isipate hata doa. Itazame taa ya nyuma ya gari: kile kifuniko chekundu kimeshikana na kasha lake bila skrubu, na mara nyingi bila gundi. Nyingine huchomelewa kwa leza. Sasa inakuwaje nuru iunguze ngozi ya hereni, halafu kwenye taa ipite ngozi bila kuigusa na kwenda kuyeyusha kilicho chini yake? Wengi hudhani tofauti ni ukali, kwamba mashine hii ina nguvu na ile haina. Nguvu ina nafasi yake, lakini fundi wa leza haanzi na nguvu. Anaanza na swali: nuru itasimama wapi?

Gari lililoachwa juani

Dodoma hatuhitaji maabara kulielewa hili. Acha gari juani Area C saa saba mchana, vioo umepandisha, urudi baada ya saa moja. Gusa kioo cha mbele. Kina joto la kuvumilika. Gusa dashibodi nyeusi iliyo nyuma ya kioo hichohicho. Utaurudisha mkono haraka. Jua lililozipiga sehemu hizo mbili ni moja, tena la dashibodi limepita kwanza kwenye kioo. Kioo kimeliachia njia, dashibodi imelimeza. Nuru haichomi inakopita, inachoma inakomezwa.

Ongeza jambo la pili. Kupita au kumezwa kunategemea rangi ya nuru, na katika rangi tunahesabu hata zile ambazo macho yetu hayazioni. Jicho la binadamu huona nuru yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Jua hutumwagia rangi zote kwa mkupuo. Leza hutoa rangi moja, iliyonyooka njia moja, inayoweza kukusanywa kwa lenzi mpaka kwenye nukta nyembamba kuliko unywele. Albert Einstein aliweka msingi wa nadharia yake mwaka 1917, na Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 kule Malibu, California, kwa kutumia fimbo ya rubi. Historia tuiache hapo. Ni tamu lakini haitatusaidia kuchomelea.

Kinachotusaidia ni kujua kwamba karakana ya plastiki ina leza za aina chache, na kila moja ina rangi yake. Ipo ya gesi ya kabonidayoksaidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, mbali kabisa na upeo wa macho yetu. Ipo ya faiba, ambayo nuru yake huzaliwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo na hukaa karibu na nanomita 1064, nayo haionekani. Zipo za diodi, vipande vidogo vya elektroniki vinavyotoa nuru, za nanomita 808 mpaka 980, ambazo ndizo farasi wa kazi kwenye kuchomelea. Na ipo ya urujuanimno, nanomita 355, upande wa pili wa zambarau.

Chukua kipande cha akriliki safi, ile wanayotengenezea vibao vya majina ya milangoni na ngao za wafanyakazi bora, vitu ambavyo mji wa serikali kama wetu haviishi. Kwa macho yako ni kioo kitupu. Kwa leza ya nanomita 1064 pia ni kioo kitupu: mwale unapita na kwenda kuunguza meza. Lakini mbele ya leza ya kabonidayoksaidi akriliki hiyohiyo ni kama ukuta wa mkaa. Nuru yote inamezwa juujuu, kabla haijazama hata nusu milimita. Ndiyo maana vibanda vya kuchonga akriliki vina leza za kabonidayoksaidi, na ndiyo maana mtu akinunua leza ya faiba kwa kusikia kwamba "ina nguvu na inaandika mpaka chuma", anarudi dukani analalamika kwamba mashine ni mbovu. Mashine nzima. Nuru yake tu ndiyo haisimami pale anapotaka.

Fundi wa PPR na fundi wa leza

Ukijenga Nzuguni, Nkuhungu au popote pengine hapa mjini, umemwona fundi bomba akiunganisha mabomba ya PPR, yale ya maji ya plastiki ngumu. Ana kichoma chake chenye vikombe viwili, amekiweka nyuzi joto 260. Anaingiza bomba upande mmoja na kiungio upande wa pili, anahesabu kimoyomoyo, sekunde tano hivi kwa bomba la milimita 20, anavitoa vyote, anavisukuma pamoja na kuvishikilia bila kuvizungusha. Plastiki iliyolainika ya pande zote mbili inachanganyika, inapoa, inakuwa kitu kimoja. Ukilikata bomba pale hutaona mpaka. Huko ndiko kuchomelea plastiki: minyororo mirefu ya molekuli za upande huu inapata joto la kutosha kuhama na kusukwa na ya upande ule, kama nywele za rasta na za asili kwenye msuko mmoja.

Mpangilio wa kazi ya fundi wetu ni joto kwanza, kugusanisha baadaye. Leza inaugeuza. Vipande vinagusanishwa kwanza, vinabanwa, kisha joto linazaliwa katikati yao. Kwa nje hakuna kilichoguswa na moto.

Siri yake ni vipande viwili vyenye tabia tofauti. Cha juu kinaipitisha nuru ya leza, kama kioo cha gari. Cha chini kinaimeza, kama dashibodi. Ili kimeze, hupewa masizi. Ndiyo, masizi yaleyale kwa asili, ila yametengenezwa kiwandani, laini na safi, na huchanganywa kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia moja ya uzito. Mwale unatoka juu, unapita kipande cha kwanza, unagonga cha pili na kusimama palepale kwenye uso wake. Uso huo unayeyuka, unavimba kidogo, unakigusa cha juu na kukigawia joto. Cha juu nacho kinayeyuka, kwa ndani tu. Leza inasogea, nyuma yake mshono unapoa ukiwa bado umebanwa.

Neno "umebanwa" lina uzito kuliko linavyoonekana. Joto linavuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine kwa kugusana, na hewa ni mbebaji mbaya wa joto. Pakiwa na upenyo wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia, cha chini kinaweza kuungua na kutoa moshi wakati cha juu hakijajua kama kuna kazi inaendelea. Kwa sababu hiyo gharama kubwa ya kuchomelea kwa leza imejificha kwenye kalibu, ile inayotengeneza vipande vilivyonyooka kiasi cha kulaliana barabara, na kwenye kibanio, ambacho mara nyingi ni bamba la kioo linalokandamiza huku likiacha mwale upite. Nimewahi kusikia watu wakipiga hesabu ya mashine ya leza peke yake. Ni sawa na kununua cherehani ukasahau kitambaa.

Mwale wenyewe hupitishwa kwa mitindo kadhaa. Mmoja ni wa kufuata mstari polepole mpaka mwisho, kama mtu anayeshona. Mwingine, ambao mimi naupenda zaidi kwa ujanja wake, hutumia vioo viwili vidogo vinavyotikisika kwa kasi kubwa na kuuzungusha mwale kwenye mstari mzima mara nyingi kwa sekunde. Mshono wote unapata moto karibu kwa pamoja, plastiki inalainika kote, na kibanio kinashuka kidogo. Mashine inapima kushuka huko. Kibanio kikishuka kiasi kilichopangwa, ni dalili kwamba mshono umeyeyuka sawasawa. Kisiposhuka, kipande kinatupwa kabla hakijamfikia mteja.

Kwa nini mtu ajisumbue hivi wakati kuna gundi, skrubu na kile kichoma cha fundi bomba? Fikiria kasha dogo la kihisio cha gari, ndani kuna saketi nyembamba. Kichoma cha nyuzi 260 hakiwezi kuingia pale. Njia ya mawimbi ya sauti, inayotikisa plastiki mara 20,000 au hata 40,000 kwa sekunde mpaka iyeyuke kwa msuguano, ni ya haraka na nafuu, lakini inaweza kukata nyaya za ndani, na huacha vumbi la plastiki. Gundi inataka kusubiriwa. Leza haitikisi, haimwagi chembechembe, na joto lake halitoki nje ya mstari wa mshono. Kwenye vifaa vya hospitali, hasa vile vyenye mifereji myembamba ya kupitisha damu au dawa, sifa hiyo ya kutoacha uchafu ndiyo inayolipiwa.

Lakini kwa mabomba ya maji ya nyumbani leza ni anasa ya kijinga, nasema wazi. Tena kwa yale mabomba meusi ya polithini yanayotandazwa kando ya barabara zetu, haiwezekani kwa njia hii hata ukitaka. Yamewekwa masizi, kama asilimia mbili hivi, ili jua lisiyapasue, sawa na matangi meusi yaliyopangwa juu ya mapaa ya mji huu. Vipande vyote viwili ni vyeusi. Nuru ikifika inasimama kwenye ngozi ya nje ya cha juu, inaiunguza, na mshono wa chini haujui lolote. Fundi wa polithini na kichoma chake cha bamba ana uhakika wa mkate wake.

Nyeusi isiyo nyeusi

Hapo msomaji makini atauliza: mbona rimoti ya gari ni nyeusi juu na chini, na inasemekana zipo zinazochomelewa kwa leza?

Fanya jaribio hili usiku, umeme ukiwepo. Chukua rimoti ya televisheni, hasa ile yenye kipande cha plastiki ya giza mbele. Washa kamera ya simu, ya mbele kwa kawaida hufanya vizuri zaidi, ielekeze kwenye ncha ya rimoti, kisha bonyeza kitufe chochote. Kwenye skrini utaona taa inapepesa, nyeupe au zambarau hafifu. Ukiondoa simu na kutazama kwa macho, huoni kitu. Rimoti hutoa nuru ya infraredi, ile iliyo ng'ambo ya nyekundu ambayo jicho haliioni, kwa kawaida nanomita 940 hivi, na kile kipande cha giza kilicho mbele yake kinaipitisha vizuri kabisa. Kwa jicho lako ni cheusi. Kwa infraredi ni dirisha.

Viwanda vinatumia ujanja huohuo. Kipande cha juu kinatiwa rangi maalumu zinazomeza nuru yote ionekanayo lakini zinaachia infraredi, na cha chini kinatiwa masizi ya kawaida yanayomeza kila kitu. Ukivishika mkononi huwezi kuvitofautisha. Ukivipitisha mbele ya leza ya diodi, kimoja hakionekani kabisa na kingine ni mkaa.

Plastiki nyingine zinaisumbua nuru bila kuimeza. Polipropilini isiyotiwa rangi, ile ya vyombo vya kuhifadhia chakula, ina umaziwa fulani. Ndani yake molekuli zimejipanga kwenye vifundo vidogo vya fuwele, na kila kifundo kinaitupa nuru pembeni, kama taa za gari kwenye ukungu. Mwale ulioingia ukiwa mwembamba unafika chini umetawanyika. Kipande cha milimita moja kinavumilika. Unene ukizidi, mshono unakuwa mpana na dhaifu. Akriliki na polikaboneti, plastiki nyingine ngumu ya wazi, hazina vifundo hivyo. Akriliki safi hupitisha kama asilimia 92 ya nuru inayoonekana, na zote mbili ni rafiki wa leza.

Na kama vipande vyote viwili lazima viwe vya wazi, kama vyombo vya maabara? Hapo hubadilishwa rangi ya nuru. Leza zenye wimbi la nanomita 2,000 hivi, zinazotumia madini ya thuliamu, humezwa kidogokidogo na plastiki nyingi za wazi bila masizi yoyote. Mwale unakusanywa kwa lenzi ili ukali wake mkubwa uangukie kwenye mpaka wa vipande viwili. Ni kazi ya mkono mtulivu, maana safari hii hakuna ukuta wa kuisimamisha nuru. Lenzi ndiyo inayoamua.

Dumu halishikani na kiti

Somo la ni plastiki gani inashika ipi sikulipata kwenye kitabu. Nililipata kwa fundi mmoja wa kuziba ndoo na madumu karibu na soko la Sabasaba. Kazi yake ni jiko la mkaa, vyuma viwili vya moto na gunia la vipande vya plastiki vilivyovunjika. Ukimletea dumu la mafuta lililotoboka, atachagua kiraka kutoka kwenye dumu jingine. Nilimletea kiti cha plastiki kilichopasuka mguu, nikamwonyesha kipande cha dumu nilichoona kinaendana na rangi. Akacheka. "Hiki na hiki hawaongei, kaka. Kitashika leo, kesho ukikaa utajikuta chini."

Dumu ni polithini ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Kiti ni polipropilini, huyeyuka kwenye 160 na ushee. Kwa jina ni ndugu wa karibu, ila molekuli zao zikiyeyushwa pamoja hazisukani, zinabaki kama mafuta na maji kwenye sufuria moja. Leza haina dawa ya hilo. Polipropilini inataka polipropilini mwenzake. Polikaboneti inakubali ABS, plastiki ngumu ya kutengenezea makasha, na akriliki pia inakubali ABS, ndiyo maana kwenye taa za gari utakuta mfuniko wa akriliki na kasha la ABS. Na mishikio myeusi ya sufuria, ile migumu isiyolainika kwa moto, haichomelewi kwa njia yoyote. Ilishapikwa mara moja kiwandani. Ukiipa joto tena inaungua tu.

Kuandika bila wino

Kwenye kuandika, swali linabaki lilelile, ila safari hii tunataka nuru isimame juu, kwenye ngozi. Kitakachotokea hapo kinategemea plastiki.

Hereni ya yule fahali ni mfano wa kuunguza kwa kipimo. Plastiki za hereni, ambazo kwa kawaida ni za jamii ya poliurethini laini, peke yake haziisimamishi vizuri nuru ya nanomita 1064. Huchanganywa na unga kidogo wa kumeza nuru, ambao hauibadilishi rangi ya njano kwa macho. Mwale ukipita, chembe za unga huo hupata moto ghafla, plastiki iliyozizunguka inageuka kaboni. Namba ni mkaa, uliozaliwa ndani ya plastiki yenyewe, kwa kina kidogo. Jua halina la kuupausha, kwa sababu kaboni haipauki.

Kanuni hiyohiyo imepata heshima kubwa kwenye pasipoti. Pasipoti nyingi za kisasa zina ukurasa mgumu wa polikaboneti, uliotengenezwa kwa matabaka yaliyoyeyushwa pamoja mpaka yakawa bamba moja. Picha ya mwenye pasipoti huandikwa kwa leza ndani ya matabaka, chini ya uso. Ndiyo maana picha hiyo ni ya kijivu na nyeusi. Kila nukta ya shavu lako pale ni chembe ya plastiki iliyoungua. Mghushi hawezi kuikwangua bila kuharibu bamba, na hawezi kubandua matabaka kwa sababu hayapo tena.

Kwenye plastiki nyeusi mambo hugeuka. Ukiiunguza nyeusi, nani ataona? Hapo fundi anatafuta povu: joto la kiasi linatoa vipovu vidogo vya gesi ndani ya ngozi ya plastiki, vipovu vinatawanya nuru, na alama inatokea nyeupe au kijivu, imeinuka kidogo. Pitisha kidole kwenye herufi za baadhi ya kibodi za kompyuta utausikia mwinuko huo. Vitufe vya dashibodi vinavyowaka usiku ni mchezo mwingine: plastiki ya maziwa imepakwa rangi nyeusi juu, leza ikaibandua rangi kwa umbo la feni au taa, na balbu ya nyuma ikapata dirisha.

Plastiki nyeupe ina madini ya titani ndani yake, ndiyo yanayoipa weupe. Madini hayo humeza urujuanimno. Leza ya nanomita 355 inayabadilisha kikemia, yanakuwa ya kijivu cha giza, karibu bila joto lolote. Nyaya za ndege huandikwa namba kwa njia hii, kwa sababu hakuna anayetaka ganda la waya lililochubuliwa angani.

Na chupa ya maji ya dukani? Soma tarehe yake ya mwisho wa matumizi kwa kidole kabla ya macho. Ikiwa ni nukta za wino, kitambaa chenye spiriti kinaweza kuzifuta. Ikiwa ni nukta za ukungu ambazo ukucha unazihisi, ni leza ya kabonidayoksaidi iliyoyeyusha ngozi ya PET, plastiki ya chupa hizo. Viwanda vingi vya chupa hupendelea wimbi la nanomita 9,300 badala ya 10,600, kwa sababu PET inalimeza juujuu zaidi na hatari ya kutoboa inapungua. Tofauti ya rangi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziona.

Namba 3, na miwani ya kijana

Rafiki yangu mwenye kibanda cha uchapaji aliwahi kupata oda ya vitambulisho. Kadi zilikuwa za PVC, plastiki ya kawaida ya kadi. Akaziingiza kwenye leza yake ya kabonidayoksaidi. Zilitoa alama nzuri, na harufu kali iliyomfanya akohoe na kufungua mlango. Baada ya muda si mrefu reli za mashine zikaota kutu, na lenzi ikaingia utando. Alilaumu vumbi la Dodoma, ambalo kweli lina makosa mengi, lakini hili halikuwa lake. PVC ina klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu, wa hewani au wa mapafuni, inakuwa asidi. Kabla ya kuweka plastiki yoyote chini ya mwale, ipindue utafute pembetatu. Namba 3 ndani yake ni PVC, iweke pembeni. Isipokuwa na namba, mafundi wana kipimo cha zamani: pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha urudishe kwenye moto. Mwali wa kijani unashitaki klorini. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

Jicho nalo ni kitu ambacho nuru hupita au kusimama. Nuru ya kabonidayoksaidi inasimama kwenye ngozi ya mbele ya jicho na kuiunguza. Inauma, na mtu anajua. Nuru ya nanomita 1064 inapita mbele pote kama inavyopita akriliki, lenzi ya jicho inaikusanya kwenye nukta, inasimama nyuma kabisa, kwenye retina, mahali pasipo na maumivu. Kwa kuwa haionekani, huwezi hata kupepesa.

Juzi nilipita kwa kijana anayeandika majina kwenye kalamu na pawabenki kwa mashine ndogo ya faiba. Kifuniko cha mashine kilikuwa cha akriliki safi, alikihamisha kutoka kwenye mashine yake ya zamani ya kabonidayoksaidi. Kule kilikuwa ukuta. Hapa kilikuwa dirisha. Nikamwambia. Akanionyesha miwani yake ya rangi ya chungwa, iliyokuja na leza ya bluu aliyoanza nayo kazi. "Mimi nimejikinga, bro." Nikamwomba aivue. Kwenye mkono wa fremu kulikuwa na maandishi madogo, tukayasogeza mlangoni kwenye jua ili tuyasome: 190–540. Akageuka kutazama kibandiko nyuma ya mashine yake, kilichoandikwa 1064. Akarudia kusoma ile miwani. Kisha akanyoosha mkono, akazima swichi ukutani.